Keki Kwenye Friji ya Kingamwili

Alhamisi, tena.

Eti sijui kuosha mashine. Bosi amenisema mbele ya maabara nzima, kisa kwenye grafu yangu, kando ya kilele kirefu cha kingamwili, ile protini ya kinga tunayoipima, vimechomoza vingine viwili, naye akadhani ni uchafu. Mashine inatenganisha protini kulingana na chaji yake ya umeme, kila aina na kilele chake. Nimeiosha mara mbili, vilele vikabaki palepale.

Jioni Wambui, tunayefanya naye kazi, akakiri. Ijumaa alitoa chupa zangu za kingamwili kwenye friji apate nafasi ya keki aliyomwokea bosi. Zikashinda kwenye joto wikendi nzima, chaji ya baadhi ya kingamwili ikabadilika, ndiyo maana ya vilele vipya. Jumatatu, keki ilipoliwa, akazirudisha kimya.

"Pole, Mueni. Usiniseme kwa bosi."

Kazi ya wiki tatu! Kesho nitamsema.

Na hiyo keki... nilikula vipande viwili, nikamsifu Wambui.