Tawi la Nomusa

16 Desemba

Nilimsalimia mara mbili kwenye lifti, hakujibu. Nomusa, jirani yangu ambaye tunaombana hata chumvi! Alikumbatia tawi la miiba lililoviringishwa shuka, huku akinong'ona Kizulu peke yake. Nikasema moyoni, leo ni sikukuu yao ya maridhiano, kumbe sisi wakimbizi hatusalimiwi.

Jioni dada yake akaja kunieleza.

"Usikasirike, mama Furaha. Aliyebeba tawi haongei na mtu. Roho ya marehemu imo kwenye tawi; anaongea naye tu, mpaka amfikishe nyumbani."

Marehemu ni babu yao. Alifia kwenye shamba la mzungu, na familia ikafukuzwa bila kumchukua. Leo mjukuu wa mzungu huyo amewafungulia geti mwenyewe, amevua kofia, ameomba msamaha. Ndipo Nomusa akamwambia babu, twende. Kwenye teksi walimlipia kiti chake.

Nikasema Mungu asifiwe. Uongo. Niliwaonea wivu mpaka chai nikaiacha mezani.

Wao wana geti. Wana mtu wa kuvua kofia. Baba yangu alianguka njiani tukikimbia vita kutoka kwetu Fizi, na mimi ndiye niliyemwambia kaka tusisimame. Nani ataniomba msamaha? Na mimi nimwombe nani?

Dada yake alipoondoka, nilishuka kuokota jani la tawi lile lililodondoka kwenye lifti. Nimelibana hapa, kwenye ukurasa huu. Nimeanza kusema, "Baba, twende," nikakwama.

Sijui nimwambie twende wapi.