Bibi Alivyozuiwa Mlangoni mwa Kanisa Lake

Mtaa wa Mierebi Mitatu,
Tianjin.
28 Desemba 2017

Mpendwa Shangazi Peizhen,

Shikamoo. U hali gani huko Milano? Kifua kimepona? Na Lele, ameshazoea chekechea au bado analia mlangoni? Sisi tu wazima, ila Bibi ana mafua, na mimi nina hasira ambayo haijapungua tangu Jumapili.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimshika Bibi mkono hadi kwenye benchi la kwaya kila mkesha wa Krismasi. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu.

Siku hizi mkesha umekuwa tamasha la mji mzima. Watu wasiojua hata ishara ya msalaba wanajazana kanisani na matufaha yao ya kupeana zawadi usiku huo, kwenye maboksi yenye utepe, wanapiga picha, kisha wanakwenda kula. Ndiyo maana waumini tunagawiwa tiketi. Na Bibi, kwa kuona haya kumnyima jirani, akampa binti wa Mama Geng tiketi zetu zote mbili, aende na mchumba wake! "Mimi mwanakwaya," akasema, "nani atanizuia?"

Alizuiwa. Walinzi walikuwa wa kukodiwa, hawamjui mtu.

"Tiketi, bibi."

"Naimba kwaya, mwanangu."

"Leo kila mtu anaimba kwaya. Foleni iko kule nyuma."

Msichana mmoja aliyevaa pembe za plastiki kichwani akauliza, "Bibi, na wewe umekuja kupiga picha?"

"Nimekuja kumwona mtoto," Bibi akajibu.

"Mtoto wa nani tena?"

Wakacheka wote. Kwaya ikaanza bila yeye. Bibi akaimba sauti yake ya pili pale pale nje, ndani ya skafu, huku watu wakimsukuma.

Asubuhi yake nilikuwa na mtihani wa fizikia, maana huku Krismasi ni siku ya shule. Sikwenda. Nilimpeleka Bibi misa ya alfajiri. Kanisa lilikuwa nusu tupu, maboksi ya tufaha yamekanyagwa sakafuni, wanakwaya wengi wako kazini. Bibi aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mwalimu akampigia Baba. Baba amefungia simu yangu kabatini, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Hilo si kitu. Lakini amenikataza kumsindikiza Bibi kanisani mpaka nimalize mtihani wa kuingia chuo kikuu, na Bibi anasema basi atakwenda peke yake. Zile ngazi unazijua. Macho yake pia unayajua.

Baba hanisikilizi. Wewe ni dada yake mkubwa, anakuogopa. Tafadhali mpigie kabla ya Pasaka, umkaripie kidogo. Mwambie fizikia nitairudia wiki ijayo, na nitafaulu.

Nisalimie Lele na baba yake, Bwana Hongtao. Bibi anakuombea kila jioni, Mungu akupe afya na akurudishe salama.

Binti wa mdogo wako, akupendaye sana,
Zou Yunqiao