Kadi Tatu Nilizochana

Kariakoo, 4 Juni. Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke Newala.

Mama Rukia,

Kabla ya kadi hii nimechana tatu. Nisipoangalia vizuri, nikitaka kuandika "nitarudi", mkono unaandika "nitaludi". Habari nilizipata kwamba barua yangu ya kwanza uliwasomea shemeji zangu, mkacheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Ndiyo maana nikanyamaza.

Leo, nilipotua robota la mitumba, nikampelekea kadi ya tatu babu mmoja fundi viatu anisahihishie. Umri umepita tisini, meno yamebaki mawili na hayakutani.

"Shikamoo, babu."

"Malahaba," akajibu, nikajua hapa hakuna msaada.

Nikamweleza aibu yangu. Akaweka sindano chini.

"Mke wangu nilimwita Lehema miaka hamsini, na kila siku aliitika. Siku moja nikajikaza, nikamwita sawasawa. Akaninunia wiki nzima: 'Nani huko kakufundisha?'"

Basi cheka, Mama Rukia, waite na majirani. Mbusu Rukia, mwambie baba hajambo ila bega.

Korosho zikianza kudondoka, naludi.

Baba Lukia