Watu Sita Waliozunguka Nyumba ya Hodge Hill

Baba yangu mpenzi,

Nimecheka kwenye mazishi yako. Heri nikwambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine, maana najua huko uliko umbea nao unafika. Nimecheka mpaka leso ya machozi ikakosa kazi, na wa kulaumiwa ni wewe na zile ndege zako.

Unakumbuka zilivyoingia nyumbani kwetu? Ulipata kazi ya kumhudumia Mzee Frank, mtaa wa nyuma yetu pale Hodge Hill. Ulikwenda kumpikia uji, ukarudi na vita vizima. Ujanani mzee alikuwa ameruka katika ndege kubwa za injini nne za kuangusha mabomu, aina ile iliyokuwa ikiundwa kiwandani hapo jirani, Castle Bromwich. Lakini usiku aliokuwa akiukumbuka kuliko wote hakuangusha bomu hata moja, na jambo hilo alilionea haya kidogo. Aliangusha karatasi. Ndege chache tu zilitumwa juu ya bahari, zikawa zinazunguka na kuzunguka, kila mzunguko zikisogea mbele kidogo kwa mwendo wa meli, naye akiwa na saa mkononi anasukuma nje mafungu ya vipande vya karatasi inayong'aa. Adui akitazama rada yake anaona msururu wa meli unakuja. Akakaa kuwangojea watu wasiokuwepo, na jeshi lenyewe likatua kwingine.

"Mamangu, hebu fikiria!" ukaniambia. Ndivyo ulivyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Ndege kiduchu, na adui mzima tumbo joto!" Ukachukua vijiko ukavizungusha mezani kunionyesha. Chai ikamwagika, wewe ukaendelea tu.

Kisha Bahati, mchumba wangu, akasema watu wake wanakuja kuniposa.

Wakati huo tulikuwa wawili tu katika nchi hii ya Wazungu. Mama alishatutoka, na ndugu zako wa Kakamega walikuwa wamenyimwa viza. Watu wa Bahati, Wakongo wa Bukavu, walisema watakuja thelathini. Uliacha kula, Baba. Nilikusikia jikoni ukijisemea, "Wataona binti yangu hana kwao." Nikakwambia Bahati angenichukua hata kama ningekuwa wa kuokotwa. Wacha we! Ulinigeukia kwa ukali ambao sijawahi kuuona: "Hukuokotwa! Una kwenu!" Ukabeba koti, huyoo, kwa Mzee Frank.

Jumamosi ile wageni wakajaa sebuleni. Wewe ulikuwa na watu sita, wenzako wa kazini, na mpango wa vita. Waliingia mlango wa mbele, wakapita sebuleni, wakaingia jikoni na kutokea mlango wa nyuma. Huko wakabadilisha makoti na vilemba ulivyonunua madukani Alum Rock, wakapita ubavuni mwa nyumba na kuingia tena mbele kwa vigelegele. Mzee Frank alikaa jikoni kwenye kiti chake cha magurudumu, saa mkononi, uso umemwiva kwa furaha. "Now!" anasema, na Mama Wambui, mmoja wa wale sita, anachomoka. Mimi nilikuwa juu kwenye ngazi, nachungulia huku nimejiziba mdomo. Shangazi, binamu, mjomba wa Nakuru, wote uliwatambulisha bila hata kupepesa macho.

Lakini ulisahau kitu kimoja, Baba, kwa sababu somo ulilipata kwa Mzungu. Rada haitoi mkono. Kwetu anayeingia anasalimia kila mtu, mmoja mmoja, wakubwa kwanza, na hao ndugu zako wa kuazima hawakuweza kujizuia. Kila walipoingia walianzia kwa Koko, nyanya yake Bahati, aliyekaa kwenye kile kiti chako cha dirishani. Na Mama Wambui alikuwa amegoma kubadilisha viatu vyake vyekundu. "Nimevinunua kwa ajili ya leo, sivui ng'o!"

Koko akaushika mkono wake, asiuachie.

"Papa," akakwambia kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, "ule mama wa viatu vya rouge nilishamusalimia mara tatu. Ni mapasa watatu, ao?"

Nilikuona ukiinamisha kichwa, moyo ukaniuma sana.

"Nisamehe, mama," ukasema. "Hapa sina watu. Niliogopa mtamwona mtoto wangu hana kwao."

Koko akakutazama, halafu mabega yakaanza kumcheza. "Siye vilevile, papa! Nusu ya hawa ni ba chorale ya kanisa. Familia yetu ilibakia Bukavu!"

Kicheko kilichofuata, haki ya nani, majirani walitoka nje. Mzee Frank, asiyejua Kiswahili hata neno, akapiga kelele kutoka jikoni kuuliza kama ndege zirudi. Mama Wambui akamsukuma mpaka sebuleni, akatambulishwa kuwa ni babu yangu, na hakuna aliyebisha.

Sasa nikwambie ya Jumamosi iliyopita. Tuliporudi kutoka makaburini nyumba ilikuwa haina pa kukanyaga. Wale sita walikuja wote, wana mvi sasa, na viatu vyekundu vilikuwepo. Ile korali ilikuja na watoto wake. Akaja binti yake Mzee Frank, wakaja pia watoto wa wazee wengine uliowaogesha, watu nisiowajua wanaonishika mkono na kulia. Mstari ulifika barabarani. Nilisimama jikoni, na kwa kuikumbuka siku ile ya posa nikawa nautazama mlango wa nyuma. Haukufunguliwa hata mara moja.

Koko alikuwa kwenye kiti chako, amezeeka zaidi lakini macho ni yale yale. Alasiri akaniita, anajisugua kiganja.

"Mwanangu, mukono inaniuma. Leo nimesalimia bantu, nimesalimia, na hakuna hata moja nilimusalimia mara mbili."

Hapo ndipo nilipocheka.

Pumzika, Baba. Una kwenu.

Binti yako, uliyemwita Mamangu