Wimbo wa Baba Umepata Wenyewe

Babati

Dada yangu Adelina,

Shikamoo. Magoti ya mama yanaendeleaje na baridi ya Mbinga? Watoto wako hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechacha, na leo itabidi univumilie.

Uliniomba kanda ya wimbo niliomtungia marehemu baba, mama ausikie siku ya misa ya kumbukumbu yake. Kanda ndiyo hiyo, lakini soma barua hii kwanza.

Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, ukumbi inapopiga bendi yetu, ule wa barabara ya Bonga, unajaa kila Jumapili alasiri. Makarani, wenye maduka, wakulima wa Singe, wote wapo. Mwanzoni niliimba beti zote tatu: kikohozi cha baba, kahawa yake, na ule wa mwisho unaouliza, "Nani atalima shamba lako, baba?" Watu walikaa kimya, nikadhani wameguswa. Kumbe walikuwa wanasubiri chemko, pale magitaa yanapokolea na watu wakacheza.

Mkuu wa mashabiki ni Mama Neema, muuza perege sokoni. Meza ya mbele ni yake. Jumapili moja akanipungia kitambaa: "Kaka Beda, pole, msiba tumeusikia. Sasa tuchezeshe!" Wenzake wakaanza makofi ya harakaharaka. Tluway, mpiga ngoma wetu, mtu wa Mbulu, akayafuata makofi, akaniacha katikati ya kikohozi cha baba.

Baadaye ubeti wa kwanza ukatupwa, kisha wa pili. Ukabaki ule mstari wa shamba, nao wakautafutia jibu. Nikiuliza nani atalima, ukumbi mzima unainama kama wanaolima, halafu wanaruka mikono juu: "Siyo mimi!" Sasa bendi nyingine hapa mjini zinapiga hivyohivyo. Mtindo wameuita Jembe, na watoto wa shule wanaucheza njiani.

Nilimlalamikia kiongozi wa bendi, akacheka. "Beda, wimbo ni wa wanaoucheza. Ukitaka kulia, nenda kanisani." Mcheza kwao hutunzwa, dada. Mimi niko kwa watu. Nawachukia mashabiki wale, na ugali ninaokula ni wao wanaonilisha.

Nisalimie shemeji, shangazi anayetupalilia kahawa, na babu mlinzi wa kanisa.

Kanda usiipige kwenye misa. Mama aking'ang'ania, basi ujue jambo moja. Tulipokwenda Arusha kurekodi, kiongozi alisema mashabiki watafurahi mtunzi mwenyewe akianza kujibu, na kama sitaki, yuko mwingine wa kushika nafasi yangu. Sauti ya kwanza inayosema "Siyo mimi!" ni yangu. Mama akiitambua, mwambie ni ya shabiki tu.

Mdogo wako akukumbukaye,
Beda