Gemu Wamepewa Watu Wengine

Jumamosi, Mazwi

Mimi huyu, bingwa wa banda zima la gemu, leo nimepigwa mara nne mfululizo. Tena sikupigwa na mtu, nimepigwa na mashine, kwenye kiwango cha wanaoanza!

Frank mwenye banda alishatuambia: waliotengeneza gemu letu la ngumi tangu toleo la kwanza wameondolewa, toleo jipya imepewa studio nyingine. Nikamcheka. "Kaka, hata wakiwapa masista wa parokiani, mimi ni yuleyule."

Leo Frank kaliweka hilo jipya. Sura zilezile, muziki uleule. Lakini nikibonyeza teke langu la kuruka, mpiganaji wangu mwenyewe anarudi nyuma kama ananiogopa mimi. Vidole vinakumbuka kila kitu, gemu halinikumbuki.

Shida ni kesho baada ya misa ya pili. Kwenye banda letu, anayepigwa Jumapili anamwamkia aliyempiga, shikamoo kabisa, mbele ya watu wote, hata kama ni mdogo wake. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, nikijua sitamwamkia yeyote.

Na aliyejiandikisha kucheza nami ni Tekla, mdogo wangu. La zamani hajawahi kuligusa. Hili jipya nimemwona analicheza: hana cha kusahau, anapiga tu.

Nimemwomba Frank aturudishie la zamani.

"Nimeshalifuta, dogo."

Sasa hivi namsikia Tekla chumba cha pili, anafanya mazoezi peke yake. Hana hata gemu mkononi. Anasema tu, polepole, kwa sauti ya mtu mzima, "Marahaba. Marahaba, kaka."