Upepo wa Juu Unashuka

Jumatatu, 3 Machi
Puto la kupimia upepo limepanda vizuri. Juu kabisa, mbali juu ya mawingu, upepo umegeuka! Ulikuwa wa mashariki, sasa ni wa magharibi. Ndiyo tabia yake, kila baada ya miaka miwili hivi. Badiliko huteremka polepole, mwezi baada ya mwezi, likafia huko huko juu. Chini hatuhisi kitu.

Nyumbani nimekuta Baba kageuza kiti, anatazama ukuta wa magharibi. Wifi anacheka — mzee kazichoka sura zetu. Nami nikacheka. Ila habari za puto sijampa. Tangu astaafu hapo kwenye kituo chetu cha hali ya hewa na akili ianze kumponyoka, hata kazi yangu haikumbuki.

Jumatano, 16 Aprili
Upepo umeshuka. Kwenye chai Baba kaniuliza umefika wapi. Nani, Baba? Huyo. Nikajitia kutafuta sukari.

Ijumaa, 30 Mei
Ulipaswa uwe umekufa. Umeingia mawinguni! Mkuu wa kituo anasema kipimo kibovu, futa. Ndivyo tufanyavyo: namba isiyofanana na za vituo jirani inafutwa, inawekwa ya kukadiria. Nimefuta. Hata za wiki iliyopita nilifuta.

Baba hali chakula. Anasema ukifika kwenye mabati ataondoka nao, nisimfungie mlango. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Alhamisi, 12 Juni
Puto halikupanda. Lilikwenda upande, juu kidogo tu ya mnara wa simu, mbio kuelekea mashariki. Chini hata jani halitikisiki.

Jumamosi, 14 Juni
Sikwenda kazini. Nimempigia mkuu. Anasema kompyuta haina upepo huo. Itakuwaje nao — si nimeufuta mwenyewe!

Mabati yanalia tangu asubuhi. Mti wa jirani umetulia tuli. Wifi analalamika joto, anataka madirisha yafunguliwe. Nimemkatalia, kanuna, kaenda kwao.

Nimeketi sakafuni, mgongo mlangoni. Baba kaja. Kwa upole kabisa — mwanangu, sogea kidogo. Sisogei, Baba. Wala hakukasirika. Kaniwekea mkono begani, na mkono hauna uzito. Hata kidogo!

Nimemkumbatia miguu kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Nikilegeza tu, visigino vyake vinaachana na sakafu.